Doa Upande wa Kulia

Mjukuu wangu alinilaza kwenye meza ya kukatia samaki, kwa sababu hatuna nyingine ndefu. Niliisugua kwa sabuni mara mbili, nikatandika leso, nikapanda. Alihitaji tumbo. Wajawazito nilikuwa nimemkataza: mtoto wa mtu si wa kujaribia mashine.

Ni binti wa marehemu binti yangu. Nimemlea kwa moshi wa kukaushia mbuta, samaki wakubwa wa ziwani, hapa ufuoni, mbele kidogo ya Kisian. Sasa ni injinia mjini Kisumu. Kazi yake, alivyonieleza mpaka nikashika, ni hivi. Mashine ya kuangalia tumbo hutuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga nyama, inarudi, na chipu ndogo kama punje ya mtama inaigeuza kuwa nambari. Nambari ndizo zinachora picha. Chipu nyingi zinakunywa betri haraka. Yake ilitakiwa inywe kidogo, muuguzi azunguke nayo visiwani kutwa bila kutafuta stima ya kuchaji. Mama yake alifia kwenye zahanati ambayo mashine yao ilikuwa imezima. Hilo hatukulitaja pale mezani.

Akanipaka mafuta baridi yanayoteleza.

“Dani,” aliniita, yaani bibi kwa Kijaluo, “usipumue.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nikwambie.”

“Na ukisahau? Utanizika na haya mafuta?”

Akacheka, halafu akainamia skrini. Kwenye picha kulikuwa na doa, upande wa kulia, chini ya mbavu.

“Mchoro wangu wa chipu una kosa,” alisema. “Nimebana betri kupita kiasi, chipu inahesabu vibaya.”

Mimi nilijua hapo panauma. Palikuwa panauma tangu mvua ndefu. Nilijiambia ni uzito wa makarai ya samaki. Na mwanamke wa umri wangu akianza kutaja panapouma, jua litazama hajamaliza.

Akachora upya. Chipu zenyewe hutengenezwa ng’ambo, zinachukua miezi kurudi. Zilipofika nikalala tena. Doa lilikuwepo, na limekua.

“Nimeharibu zaidi,” akasema.

“Basi mpime mwingine.”

“Hapana, Dani. Tumbo lazima liwe lile lile. Nikishika tumbo moja, nitajua kilichobadilika ni chipu.”

Hapo ndipo ningesema. Chakula kilikuwa kimenishinda, leso naizungusha kiunoni mara mbili. Nikafunga mdomo. Akaenda kuchora mara ya tatu.

Kilichonifungua ni siku aliyokuja na kompyuta yake akanionyesha mchoro wa kufuta lile doa. Macho yamemwiva. Alisema hii ikishindwa anaacha kazi. Nikamwambia, “Samaki akinuka tanurini huvunji tanuri. Unatoa mmoja mmoja, unanusa.” Nikamwita jirani yangu, tunayekausha naye samaki, apande mezani na chipu ile ile.

“Mkiona ugali wa jana,” jirani akasema, “msimwambie mume wangu, nilimwambia umeisha.”

Picha yake ilitoka safi. Nikapanda mimi, doa likarudi. Jirani alikuwa bado anajifuta mafuta, akaacha kujifuta. Mjukuu wangu aliweka kile kifaa chini polepole, kama mtu aliyeshika yai.

“Dani, hapa panauma?”

“Panauma.”

“Tangu lini?”

Nikamwambia.

Hospitali ya mjini wana mashine kubwa, ya kuchomeka ukutani. Ilionyesha doa lile lile, mahali pale pale, kwenye ini. Daktari alitazama muda mrefu, akasema ningekuja mapema wangeweza kukata. Sasa watanipa dawa ya maumivu.

“Alikuja mapema,” mjukuu wangu akamjibu. “Mimi ndiye nilikuwa nalifuta.”

Tuliporudi nyumbani alichukua ile chipu ya kwanza na jiwe la kusagia, aiponde. Nikamshika mkono.

“Acha. Hiyo ilisema kweli tangu siku ya kwanza, na betri haikuinywa. Waliosema uongo ni wawili, wewe hukujua, mimi nilijua.”

Alilia. Sikumbembeleza, sijui kubembeleza. Nilimwambia tu kwamba kuanzia sasa asipime tumbo moja, apime mawili, na kabla ya kupima aulize panapouma mpaka ajibiwe. Jirani amekubali kuwa mmoja. Wa pili, wa kushika nafasi yangu, amtafute haraka, akiwa bado ana langu la kulinganisha.