Mwangwi Miguuni mwa Chiriku

Fundi mitambo waliyemwita Kimya hakuwa bubu. Alikuwa mtu wa haya tu, ambaye akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja alimjibu mmoja, akamwachia huyo amfikishie mwenzake. Shule aliishia darasa la saba. Mikisa, ile meza ya vitufe vya kuchanganyia sauti, alijifunza kwa vidole: aliingia kwenye bendi akiwa mbeba spika, akawa anafuata kila waya kutoka unakoanzia hadi unakoishia, mpaka siku fundi wa zamani alipozabwa kofi na kiongozi wa bendi akaenda zake moja kwa moja. Kimya akasukumwa mezani.

Kiongozi huyo, mpiga gitaa la solo, aliitwa Kifaru, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mpiga drams alikuwa na pengo mbele kwa ngumi yake. Mpiga besi alikuwa na kovu juu ya jicho kwa mkanda wake. Wao wenyewe walifanya utani. "Bendi za wenzetu wanapewa sare," mpiga drams alikuwa akisema, "sisi tunapewa mapengo."

Kimya pekee hakuwahi kuguswa, kwa sababu hakuwahi kubisha. Sasa alikuwa na la kubisha, na lilimhusu mpwa wake.

Mpwa huyo, waliyemwita Chiriku, alikuwa binti wa marehemu dada yake. Kimya alimlea, akamfundisha kushika maiki, na sasa ndiye aliyekuwa mwimbaji wa mbele. Wiki ile Chiriku alimwambia Kifaru kwamba anahamia bendi nyingine. Kifaru alicheka. Wanamuziki walipomwona anacheka, waliinamia vyombo vyao kama watu waliosikia nyoka darini.

Jumapili mchana, ukumbi ulipoanza kujaa, Kifaru alikuja mezani kwa Kimya katikati ya ukumbi. Akamwekea mkono begani kirafiki.

"Mzee Kimya, wimbo wa tatu, mtilie mwanao mwangwi kwenye monita. Wote. Halafu mtolee drams."

Kimya alielewa mara moja. Sauti ya mwimbaji ikiingia kwenye mikisa hushika njia mbili. Moja huenda kwenye spika kubwa za watu, nayo hutiwa mwangwi kidogo ili iwe tamu. Ya pili humrudia mwimbaji mwenyewe kwenye monita, ile spika ya miguuni, nayo huachwa kavu, pamoja na drams za kumwongoza. Ukimtilia mwangwi huko, sauti yake inamjia kwa kuchelewa. Anaanza kuisubiri. Akiisubiri anaachwa na mdundo, na watu, wasiojua kinachomsibu, wanaona hajui kuimba.

Na watu wa ukumbi ule hawakuzomea. Walirusha chupa. Mwimbaji mgeni aliyepotea mdundo pale alitolewa amebebwa, shavu limefunguka kama mfuko.

"Watamuua, bosi," Kimya alisema.

"Hawamuui. Watamchora tu. Aende huko anakokwenda na sura mpya." Kifaru akaliminya lile bega hadi mfupa ukalia. "Usipofanya, hivyo vidole unavyozungushia vitufe navivunja. Umenisikia, au na wewe una mwangwi?"

Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kimya alitamani kumwonya mpwa wake, lakini kuondoka mezani ilikuwa kumwachia Kifaru meza. Wa tatu ulipoanza, aliweka vidole kwenye kitufe cha mwangwi wa monita. Akavitoa. Akaikunja mikono kifuani.

Chiriku aliimba akiwa amenyooka kama mstari. Kifaru alimtazama, akamtazama Kimya, akamtazama tena Chiriku. Ubeti wa pili ulipoingia, aliliangusha gitaa, akashuka jukwaani, akapasua watu kwa viwiko.

Kiwiko cha kwanza kilimpata Kimya mdomoni, akaona nyota mchana kweupe. Kabla hajaanguka, Kifaru alimshika kiganja cha kushoto, akakiweka kwenye ukingo wa kasha tupu la mikisa lililokuwa kando ya meza, akakibamizia mfuniko. Ulikuwa mfuniko wa mbao nzito, wenye kona za chuma. Akaubamiza tena. Kimya alisikia vidole vyake vikikatika kama kuni kavu, kisha hakusikia kitu isipokuwa kilio ambacho baadaye aliambiwa kilikuwa chake.

Kifaru akakivamia kitufe, akakizungusha hadi mwisho.

Jukwaani, Chiriku akashtuka. Akaitazama ile spika ya miguuni kama mtu aliyeitwa na mzimu. Neno moja likachelewa. Mawili. Watu wa mbele wakaanza kunung'unika, na chupa ya kwanza ikapasukia miguuni pake. Ya pili ikampiga begani.

Kimya alikuwa chini ya meza, damu imemjaa kinywani. Aliona mgongo wa mikisa na nyaya zinazotoka humo, kila moja aliyoichomeka mwenyewe. Akanyoosha mkono wa kulia, akapapasa, akaufikia wa monita ya mwimbaji, akauchomoa.

Spika ya miguuni ikafa. Chiriku hakuwa tena na chochote cha kumwongoza, lakini hakuwa na cha kumpoteza pia. Mpiga drams, aliyekuwa akiona kila kitu, akaanza kupiga kama anayetaka kuzitoboa ngozi. Chiriku akageuka, akarudi nyuma, akajibana ubavuni mwa zile drams, akaukamata mdundo kwa masikio yake mawili. Sauti ikanyooka. Chupa ya tatu ilibaki mkononi mwa mwenyewe.

Kifaru alizungusha vitufe bila mafanikio. Kisha akauona ule waya mkononi mwa Kimya.

Alimpiga mateke ya mbavu, ya tumbo, ya kichwa. Na Chiriku, kutoka pale kwenye drams, alikuwa anaona. Akinyamaza, chupa zitarudi, na si kwake peke yake. Aliimba machozi yakimwingia mdomoni, akamaliza ubeti, akamaliza kiitikio, akamaliza wimbo. Watu wakapiga makofi.

Makofi hayajaisha, mpiga drams alikuwa ameshafika mezani na nguzo ya chuma ya kisahani cha drams zake.

"Bosi," alisema, "jino moja lilitosha."

Nguzo ikatua gotini. Kifaru akaenda chini. Mpiga besi akafika, kisha Chiriku na kiatu chake cha kisigino, na aliyekuwa na deni la kofi alilipa. Kimya, akiwa bado sakafuni, aliona ukumbi umekuwa kimya na watu wameanza kuinuka na viti. Ukumbi usio na muziki ni hatari kuliko moto. Akajivuta kwa mkono mzima hadi mezani, akafungulia muziki wa kaseti. Watu wakakaa.

Hospitali, daktari alisema vidole viwili havitakunjika tena. Chiriku alikaa kando ya kitanda, bega limefungwa bendeji, uso umevimba kwa kulia.

"Mjomba, kwa nini hukumtilia tu huo mwangwi? Mimi ningeimba hivyohivyo."

"Usingeweza."

"Ningeweza."

"Ulishapotea maneno mawili."

"Kwa sababu nilishtuka! Ningejua mapema ningeweza."

"Chiriku, hakuna anayeweza."

"Basi hao ninaokwenda kwao wana mikisa. Ukipona twende, unitilie, nikuonyeshe."

Kimya alikitazama kile kiganja kilichofungwa kama mkate. Mdomo ulikuwa na nyuzi, kwa hiyo alicheka kwa pua.

"Hata kwa mzaha sitakutilia," alisema. "Lakini twende."