Mtoto Kwenye Usaili

Juzi nilikuwa Ngara mjini, kwenye ofisi ya shirika moja linalohudumia wakimbizi, nimekaa kwenye benchi nikisubiri kibali cha kuingia kambini. Siku hiyo walikuwa wakisaili wauguzi wa wodi ya wazazi, na mlango haukufungwa.

Mwanamke mmoja wa kijiji cha Mugoma aliingia na bahasha ya vyeti mkononi, mtoto mgongoni. Mtoto akaanza kulia. Mama akamzungusha mbele, akampa ziwa. Bwana msaili akaweka kalamu chini, akatazama dari.

"Uliza tu, bwana," mama akasema. "Anayenyonya ni huyu. Mimi nakusikiliza."

"Vyeti vyako ni vizuri sana. Ila mtoto ungemwacha nyumbani."

"Ningeweza. Lakini kule kambini kina mama hawataniuliza vyeti. Wataniuliza nimezaa wangapi. Mwanamke wa huku hamsimulii uchungu wake mtu ambaye hajazaa."

Msaili akaokota kalamu. "Unaweza kuanza Jumatatu?"

Wapo wanaotuambia kila siku kwamba msomi akishazaa, elimu yake imepotea. Ningependa waje wakae kwenye benchi lile.

Alipotoka, binti aliyefuata kwenye foleni, viatu vinang'aa, akamshika kitenge. "Dada, niazime huyo mtoto niingie naye."

Mama akamfunga mwanawe mgongoni vizuri, bila haraka.

"Ungetaka cheti ningekuazima, mdogo wangu. Huyu hapana."