Wazungu Walioulizwa Nyota Yangu

Enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kupita Gulwe, walishuka pale wazungu wa nyota. Sisemi uongo. Watu wazima, ndevu hadi kifuani, na kazi yao kutazama juu. Ardhi walikuwa wameshaichukua, kiboko walikuwa wameshatuonjesha. Nadhani ilibaki mbingu.

Mimi nilikuwa mwali, na uchumba wangu umekwama. Mchumba alikuwa wa Kondoa, mchuuzi wa nta aliyepanga palepale Gulwe na mjomba wake, na huyo mjomba alipiga falaki akasema nyota zetu hazipatani. Nami nilimtaka yule kijana, wala sikuona haya. Basi mkalimani wa wazungu alipotusimulia kisimani kwamba mabwana wamekuja kukutana, kila mmoja aeleze nyota aliyoichunguza, shangazi yangu aliutua mtungi.

"Kama wamevuka bahari kwa ajili ya nyota," alisema, "hii ya kwako haiwashindi."

Tuliwakuta chini ya turubai, jua la utosi, saa ambayo hata kipofu anajua hakuna nyota. Mmoja alionyesha karatasi yenye nukta, akanena weee. Aliyefuata akasema, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba nukta ya mwenzake ni uchafu wa kioo cha darubini. Wa tatu akawakatalia wote wawili. Mwenye nukta akaiva kama pilipili. Nimeona wake wenza wakigombea kinu kwa adabu kuliko wale.

Shangazi akapenya, akapiga goti, akauliza kama nyota yangu na ya kijana wa Kondoa zina ugomvi. Mkalimani alisita, kisha akatafsiri. Turubai zima likacheka, hata waliokuwa wakitukanana. Yule mwekundu akajibu.

"Bwana anasema," mkalimani akatuambia, "nyota hazimjui mtu yeyote."

Shangazi akashukuru, akanishika mkono, moja kwa moja hadi kwa mjomba wa mchumba. Akamweleza kwamba wazungu wa nyota wamekaa kikao, wamebishana juu ya kila kitu cha mbinguni, ila juu ya nyota zetu hakuna aliyebisha.

"Sasa nyota isiyomjua mtu, baba, itamchukiaje mkwe wangu?"

Mjomba aliogopa boma la Mdachi kuliko falaki yake. Alikohoa, akauliza ng'ombe waletwe lini.

Ile nukta, hata leo sijui ilikuwa nyota au uchafu. Ng'ombe walifika.