Vifaranga Walionukia Waridi

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na jina hilo alilifurahia. Alikuwa dobi. Maji ya beseni zake yalipita mferejini hadi kwenye bwawa dogo lenye matete, ambako bata mwitu alikuwa ameangua vifaranga. Mama Povu aliwapenda kuliko wateja wake, maana hao, alisema, hawajawahi kumletea shati lililochanika wakadai amelichana yeye.

Asubuhi moja akianika mashuka, akaona vifaranga wanazama makalio badala ya kuelea. Walikuwa wamelowa chapachapa, wanatetemeka. Mmoja alilala ukingoni, amekwisha kufa. Mama Povu akaingia majini na gauni lake, akawazoa waliobaki, akawatia kwenye beseni, na safari moja kwa moja hadi gereji ya jirani, kwa mdogo wa mumewe.

"Shemeji! Toka chini ya hilo gari kabla sijakuvuta miguu!"

Fundi akachomoza kichwa. "Kuna nini tena?"

"Oili yako imeua mtoto wa watu!"

"Mungu wangu! Mtoto wa nani?"

"Wa bata!"

Fundi akashusha pumzi, akamwonyesha pipa la oili chafu. Haimwagwi hata tone, akaapa. Mama Povu akalizunguka pipa akilipapasa kutafuta tundu, akaambulia mikono myeusi tu.

Wakaenda wakibishana hadi kwa daktari wa mifugo, ng'ambo ya barabara. Daktari, mama mpole, akamchovya kifaranga mmoja kwenye bakuli la maji safi. Maji yakatoa povu. Akamsogeza puani.

"Huyu hanuki oili," akasema. "Ananukia waridi."

Fundi akanusa kifaranga, akanusa bega la shemeji yake, akarudi kwa kifaranga. Kisha akaketi sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu.

Daktari akaeleza kwamba sabuni huondoa mafuta ya asili yanayozuia maji yasipenye manyoya. Maji yakifika kwenye ngozi, kifaranga hupata baridi na kuzama, na kwa udogo wake hana akiba ya joto.

"Kumbe nimewafulia watoto wa wenyewe bila kuombwa," akasema Mama Povu. Alitamani ardhi ipasuke, na yule aliyekufa alimuuma moyoni.

Vifaranga wakasuuzwa kwa maji vuguvugu, wakalazwa jikoni chini ya taa hadi manyoya yakarudi hali yake. Mumewe akanung'unika kwamba bata wanapewa joto kuliko yeye. Fundi naye akachukua sepetu, akamsaidia Mama Povu kuchimba shimo la maji ya sabuni mbali na bwawa, wakalijaza mawe na mchanga. Kila akichota udongo alisimama kunusa. "Shemeji, hata hapa waridi!" Taulo bichi la kwanza alilorushiwa alilikwepa. La pili likampata shingoni.

Siku ya kuwarudisha, walikwenda wote wawili. Vifaranga wakateleza majini, wakaelea kama vizibo. Mama yao, aliyekuwa akizungukazunguka pale tangu walipochukuliwa, akatoka matetini kwa hasira, akamrukia fundi na kumdonoa kwenye goti.

"Mwambie aliyefua ni wewe!" akapiga kelele fundi, akikimbia.

"Nitamwambia," akajibu Mama Povu, "ila ngoja kwanza amalize."