Koti la Msimamizi

Karakanani walimwita Pindo, kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa kukunja na kushona pindo za sare za shule, na kwa sababu mwenyewe alikuwa mwanamke wa kujikunja. Alikuwa mwoga, hakuna haja ya kumtafutia neno la adabu. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa simu ikiita kabla hakujakucha vizuri. Mama yake alimlea kwa methali moja, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na Pindo aliishika kama wengine wanavyoshika sala. Nyumbani kwake kicheko kilikuwepo, hilo lazima tumpe.

Kitu kimoja tu kilimnyima hata hicho kicheko. Mlango wa nyuma wa karakana ulipigwa kufuli tangu kengele ya asubuhi mpaka ya jioni, eti vitambaa visiibwe, na funguo zilikaa mfukoni mwa msimamizi. Mdogo wake Pindo, mjamzito wa miezi minane, alikaa kwenye cherehani ya mwisho kabisa, jirani na mlango huo. Kati yake na mlango wa mbele palikuwa na cherehani arobaini na marobota ya vitambaa yanayofika kiunoni. Nyaya za umeme za ukuta ule zilikuwa zimeungwaungwa kwa utepe. Kila zilipotoa cheche mafundi waliomba wafunguliwe, na msimamizi akagonga mfuko wake kwa kidole akajibu lile lile: "Mlango huu unafunguliwa na kengele, haufunguliwi na kelele."

Pindo alinyamaza pamoja na wenzake. Lakini kila akilala aliota moshi.

Kwenye kikundi cha maigizo hakuingia kwa ushujaa, aliingia kushona mavazi. Kilikuwa kikundi cha majirani, chini ya mama mmoja mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na michezo yao ilihusu mambo ya hapo hapo: maji, kodi za nyumba, wanawake wanaopigwa. Walikuwa na utaratibu wao. Mchezo ulichezwa mara moja mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbaya siku zote. Kisha ulianzwa upya, na safari hii mtazamaji aliyeona kwamba yeye angefanya vingine alipiga makofi mawili. Waigizaji waliganda, naye akapanda jukwaani kushika nafasi ya yule anayeonewa. Nafasi ya mwonevu haikuguswa. "Huko nje hamtapewa mwonevu mwingine," Mwalimu alizoea kusema. "Pambaneni na huyu huyu."

Wakatunga mchezo wa mlango uliofungwa. Wiki ya mwisho, yule aliyepangiwa kuwa msimamizi akakauka sauti, na aliyejaribiwa badala yake akawa anabwata tu. Pindo alikuwa pembeni, pini mdomoni.

"Msimamizi hasemi hivyo," akamwambia, akizitema pini. Akagonga nyonga kwa kidole, akainamisha kichwa, akasema maneno ya kengele na kelele.

"Utacheza wewe," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, mimi naogopa hata kuku."

"Huyo utakayemcheza haogopi kuku."

Kosa lililofuata ni kosa ambalo fundi peke yake angeweza kulifanya. Ijumaa msimamizi alimpa koti lake la kijivu, lile la kila siku, amshonee mfuko uliochanika kwa uzito wa funguo, amrudishie Jumatatu. Pindo aliushona mfuko. Kisha akalivaa koti, kuona tu mfuko umekaaje, na pale mbele ya kioo uoga ukamtoka kama mgeni aliyekumbuka ana safari. Mabega yakapanda, sauti ikashuka. Akajiambia nguo ni nguo, atachezea hilo hilo Jumapili, na mtu yule hajawahi kukanyaga ukumbi wa mtaa tangu ujengwe.

Jumapili alasiri akakanyaga.

Pindo alimwona mchezo ukiwa katikati. Alikaa safu ya pili, kofia juu ya magoti, na hakuwa akimtazama Pindo usoni, alikuwa akiutazama mfuko. Kijasho chembamba kikamtoka, na hapo akapata hofu juu ya hofu, kwamba sasa analilowesha koti. Kulivua haikuwezekana. Alipofika kwenye maneno ya kengele na kelele mafundi wenzake waliokuja kutazama wakaangua kicheko, na kila kicheko kilimchoma kama sindano chini ya ukucha. Kazi yake ilikuwa imekwenda, hilo alilijua. Alichokiogopa zaidi kilikuwa kimekaa safu ya nyuma, kimeshika tumbo kwa mikono miwili: mdogo wake, ambaye angefukuzwa pamoja naye, au mbaya zaidi, angebakizwa pale pale mlangoni.

Mchezo ukaanzwa upya. Makofi mawili yakalia. Msimamizi alikuwa amesimama.

"Nafasi ya nani, baba?" Mwalimu akamuuliza.

"Yangu," akasema, akilionyesha koti.

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Hiyo haichukuliwi. Chagua fundi."

Pindo aliomba kimoyomoyo arudi kukaa. Hakurudi. Alipanda, akasimama penye cherehani ya mwisho, nyuma ya fremu ya mbao iliyokuwa mlango wao. Nyuma ya pazia jirani mmoja alikuwa akipepea majani mabichi juu ya jiko la mkaa, na moshi ukaanza kutambaa kuelekea kwake.

"Fungua," msimamizi akasema. Ilikuwa sauti yake ya kazini.

Pindo angeweza kufungua. Kufuli lilikuwa la mchezo, na mwanamume yule angeshuka na heshima yake, na Jumatatu pengine yeye angesamehewa. Akatazama safu ya nyuma. Kisha kidole chake, chenyewe, kikagonga mfuko.

"Mlango huu unafunguliwa na kengele, haufunguliwi na kelele."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nasema fungua. Unajua mimi ni nani."

"Ndani ya mchezo wewe ni fundi," Mwalimu akamkumbusha taratibu.

Msimamizi akajaribu vingine. Akaahidi kulinda mlango yeye mwenyewe, kitambaa hata kimoja kisitoke. Pindo akamuuliza, kama alivyoulizwa fundi mmoja mwaka jana, amekuwa askari lini. Akatishia kwenda kwa tajiri, mwenye karakana. Pindo akamwambia njia ya kwa tajiri inapita mlango wa mbele, aruke marobota. Kila jibu Pindo alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa lake yule bwana, yeye alikuwa akimrudishia tu, na kila alipomrudishia alizidi kuogopa. Moshi ulimfika msimamizi usoni. Akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha kuigiza.

"Bado muda gani kengele ilie?" akauliza.

"Dakika arobaini," Pindo akajibu.

Msimamizi akashika mbao za fremu. "Tafadhali," akasema, kwa sauti ndogo ambayo karakana haikuwahi kuisikia.

Pindo alitamani kulia. Akarudia maneno ya kengele. Msimamizi akakaa chini sakafuni, kofia mkononi, na Mwalimu akapiga makofi kuvunja onyesho.

Jumatatu mdogo wake alimsihi asiende. Pindo alikuwa amelifua koti na kulipiga pasi, na alilibeba mikononi kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Msimamizi alikuwa akimngoja penye cherehani yake. Akalipokea koti, akaingiza mkono mfukoni, akauvuta mshono.

"Umeshona vizuri," akasema. "Sasa chukua mkasi wako na mto wako wa kukalia. Huna kazi hapa."

"Na mdogo wangu?"

"Nimekutaja wewe."

Pindo akakusanya vitu vyake. Vilijaa kwenye mfuko mmoja wa plastiki, miaka yote ile kumi na mitatu. Alipogeuka kuelekea mlango wa mbele, msimamizi akamwambia, "Pita huku." Akatangulia hadi nyuma kabisa, akapita cherehani ya mdogo wake bila kumtazama, akatoa funguo, akafungua kufuli. Mlango uligoma, kisha ukakubali. Mafundi wote walikuwa wameacha kushona.

Pindo akatoka nje, uchochoroni, jua likamwingia machoni. Akapiga hatua nne akasimama, mgongo kwenye mlango, mfuko wake kifuani, akingoja kusikia kufuli likifungwa. Alingoja akiogopa kuliko alivyoogopa jukwaani. Cherehani zikaanza kulia tena, moja, kisha zote. Bado aliendelea kungoja.

"Dada," mdogo wake akamwita. Alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, tumbo lake likitangulia. "Mbona hujaenda?"

"Nasikiliza," Pindo akasema.