Kopo Nililolifunika Likiwa la Moto

Enzi zetu, na nyie mliokulia Mpanda mtanishuhudia, kitu cha kutafuna hakikuuzwa kwenye pakiti. Kilikaangwa nyumbani. Ukitaka kitu kinacholia mdomoni, ulianza kukihangaikia tangu jana yake: kuloweka mahindi, kuyaanika, kutafuta kuni, kugombana na kuku. Leo binti yangu Neema anakaa pale Shanwe, ana oveni ya umeme na simu inayomfundisha kupika. Juzi aliniletea chupa ya kioo imejaa shayiri iliyookwa na lozi, zabibu kavu na asali. "Mama, hii inaitwa granola," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mama yake dunia. Nikaonja. Tamu ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo, lakini ilikuwa imelegea.

"Mbona hailii?" nikamuuliza.

Akakunja uso. "Ndiyo nimekuja kukuuliza. Ikitoka kwenye oveni inalia vizuri tu, kesho yake inakuwa hivi."

"Uliifunika ikiwa ya moto."

Akanitazama kama vile mimi ni mganga. Simu yake yote ile haikuwa imemwambia. Nilicheka sana, halafu nikaacha kucheka, maana kosa hilo nalijua kuliko Neema alivyodhani. Nilimsimulia siku ile ile, na sasa nawasimulia na nyie, maana nimeshazeeka na kabla ya hapo sikuwahi kulisema.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Msimu ukifika, alifunga mizigo kwenye baiskeli pamoja na wenzake wawili, jirani yetu Baba Tausi na mzee mmoja wa Katumba, wakaenda porini kwenye mizinga yao wiki tatu nzima. Jioni walisonga ugali kambini kama watu wengine. Asubuhi hawakuwasha moto, walitawanyika mapema kila mtu na njia yake, kwa hiyo walihitaji kitu cha kula kikavu, chenye nguvu, kisichooza. Kitu hicho ndicho wake zao walichokaanga nyumbani na kukishindilia kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia, lile lenye mfuniko wa kubana. Nyumbani kwetu hakikuwa hata na jina. Tulikiita chakula cha kopo, basi.

Mama alikuwa bingwa wake pale mtaani kwetu Ilembo. Alikaanga mahindi kwenye chungu kipana akiyageuza kwa mwiko bila kupumzika, mpaka yawe rangi ya udongo wa njia ya kwetu, halafu akayatwanga kidogo tu yapasuke, yasiwe unga. Karanga alizikaanga kwenye mchanga wa moto, tukazisugua maganda kwa viganja na kuzipepeta kwenye ungo, na maganda yakatujaa kwenye nywele. Ufuta ulikuja mwisho, unarukaruka kwenye sufuria na sisi tunapiga kelele. Kisha asali. Mama aliichemsha taratibu, akadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Tone likiganda, alimwaga vyote kwenye ile asali, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, akakoroga haraka haraka na kutandaza kwenye sinia. Jamani, harufu ile! Watoto wa majirani walikuja "kusalimia" wakiwa wametoka kusalimia asubuhi.

Halafu ndipo shughuli ngumu kuliko zote ilipoanza, yaani kungoja. Mama hakuruhusu mtu aguse kopo. "Sinia likipoa, subiri lipoe tena," alikuwa anasema. Aliweka mgongo wa mkono juu ya sinia, akaondoka, akachambua mboga, akarudi akaweka tena. Tuliweza kungoja mpaka jua linazama. Sisi tuliona ni ukaidi wa watu wazima tu.

Lakini kulikuwa na sababu, na siyo ya ulaji peke yake. Kule kambini walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi lilifunguliwa kopo la mtu mmoja na wote wakala humo, kesho la mwingine, kesho kutwa la yule wa tatu. Kwa hiyo kopo ndilo lililotangaza nyumba ya mtu. Mke akikaanga vizuri, sifa zake zilirudi mjini na baiskeli zile zile. Akikaanga vibaya, habari zilimtangulia bwana wake kufika nyumbani. Sifa za mama zilijulikana mpaka stesheni.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, dada yake mama alijifungua kule Karema, ziwani, na mama akaenda kumwangalia mzazi. Msimu ukafika hajarudi. Baba akasema basi, mwaka huo atakula kwenye makopo ya wenzake. Mimi nikasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, nikasema, "Mimi nitakaanga. Najua vyote." Nilikuwa na mdomo, acha tu. Baba alinitazama, akatabasamu, akasema, "Haya mama mwenye nyumba. Kaanga."

Nilikaanga, na ninajisifu mpaka leo: nilikaanga vizuri. Niliungua vidole viwili sikulia. Mahindi hayakuungua, ufuta haukuungua, tone la asali liliganda kwenye maji kama lilivyotakiwa. Nilitandaza kwenye sinia, nikaonja punje chache, na zililia kama za mama kabisa.

Sasa mchana ule kulikuwa na rede, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira. Siyo rede ya kawaida, ilikuwa Ilembo na Shanwe, na wasichana wa Shanwe walikuwa wanatutambia tangu shuleni kwamba sisi ni watu wa mashambani, tunakimbia kama kuku wenye kamba. Mimi ndiye niliyekuwa tegemeo la Ilembo, sikuwa mtu wa kupigwa na mpira kirahisi. Wenzangu walikuja kuniita mara ya kwanza, mara ya pili. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye sinia. Bado la moto. Nikapuliza. Nikapepea kwa ungo. Mara ya tatu walinikuta nimesimama na kopo mkononi, na nikamimina vyote humo, nikabana mfuniko kwa magoti, nikakimbia. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilijiambia joto litatoka lenyewe.

Shanwe walitupiga, tena mimi ndiye niliyetolewa wa kwanza.

Kesho yake asubuhi baba alifunga safari. Mama akiwepo, baba alikuwa na kawaida ya kulitikisa kopo sikioni kabla ya kulifunga kwenye baiskeli, asikie vitu vinavyogongana. Siku ile hakulitikisa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitia kwenye mfuko. Mimi nilisimama pale, nikitamani alitikise na nikiomba asilitikise.

Siku za kwanza sikulala vizuri, halafu utoto ukanisahaulisha. Walirudi Jumamosi moja, ndevu zimewajaa, nguo zinanuka moshi. Baba alinipa kopo. Lilikuwa tupu na limeoshwa likang'aa. "Chakula kilikuwaje, baba?" nikauliza. "Kimekwisha chote," akasema, na huo haukuwa uongo.

Jioni ile tulikuwa tumekaa uani, majirani wamekuja kuonja asali mpya, akaingia Baba Tausi kwa kicheko chake cha kutikisa kuku. "Shikamooni wenye nyumba! Mzee Uji yupo?" Watu wakaulizana Mzee Uji ndiye nani. "Huyu hapa!" akasema, anamwonyesha baba kidole. "Zamu yake imefika, kafungua kopo, tunakuta nini? Uji! Umelowa, umeshikana, juu umeota ukungu wa kijani. Tunamuuliza, ndugu, nani kakufanyia hivi? Anasema eti mtoto alikaanga vizuri kabisa, tatizo ni yeye, alikuwa na haraka ya safari akafunika likiwa la moto. Mwanaume mzima anagusa kopo la watu! Tumekula la kwangu na la mzee wa Katumba mpaka mwisho, na yeye akawa anakwangua la kwake peke yake, hataki tulimwage."

Uwanja mzima ulicheka. Baba naye alicheka, akatikisa kichwa, akasema, "Haraka mbaya, nimekoma." Hakunitazama. Nadhani alijizuia kwa makusudi, ili watu wasifuate macho yake wakaniona. Alikuwa ameniachia nafasi yote niseme au nisiseme.

Mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma. Siyo kopo, mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kuharibu kopo. Nilicheka pamoja nao, tena kwa sauti, na nikarudia, "Mzee Uji!" watu wakazidi kufurahi.

Mama aliporudi kutoka Karema habari alizikuta njiani. Alimfokea baba siku mbili. "Nani alikutuma kushika kopo? Umenitia aibu kambini, na mtoto kajitesa na vidole vyake!" Baba akaendelea kumega ugali. Nilikuwa pale pale nimeshika sahani. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, nikayameza.

Jina likakaa. Nyie mnajua watu wetu, jina la utani likishakupata Mpanda hata ukihamia Tabora linakukuta stesheni. Mzee Uji sokoni, Mzee Uji kanisani, Mzee Uji siku ya harusi yangu, mshereheshaji anamwita mbele ya wakwe na ukumbi unapiga vigelegele. Watoto wa ndugu zake waliokuja kuzaliwa baadaye hawakujua hata lilitoka wapi. Kila mara baba aliinua mkono akaitika.

Mwaka uliofuata, na mama yupo nyumbani mzima wa afya, baba alisema, "Kopo la mwaka huu akaange mtoto." Mama akaguna. Nilikaanga, nikatandaza, nikakaa chini kando ya sinia kuanzia saa saba mpaka jua linazama, sikwenda popote. Asubuhi baba alichukua kopo, akalitikisa sikioni. Likalia. Nikamwambia, "Lilipoa, baba." Akasema, "Nimesikia, mwanangu." Tangu siku hiyo mpaka anakufa, kati yetu hayakuwahi kusemwa maneno mengine kuhusu jambo lile.

Na siyo kwamba nafasi ilikosekana. Miaka ile ya mwisho miguu ilipomwishia nguvu, nilikaa naye kila Jumapili mchana kibarazani, sisi wawili tu. Kuna siku nilianza kabisa. Nikasema, "Baba, unakumbuka mwaka ule mama alipokwenda Karema?" Akasema, "Nakumbuka," akageuka kunisikiliza, macho yake yametulia. Nikamwambia habari za bati zinazovuja jikoni, kwamba nitamleta fundi. Akaitikia, "Haya, mlete."

Nilipofika hapo, Neema alikuwa ameacha chupa yake ya granola mezani muda mrefu. Aliniuliza, "Sasa mama, kwa nini hukumwomba tu msamaha? Babu angekufanya nini?"

Nikamwambia, enzi zetu hatukuwa tunasemasema. Mtoto mwenye adabu alinyamaza. Ndivyo nilivyomjibu, na ndivyo sisi wa umri huu tunavyowajibu kila siku. Tunawacheka vijana kwamba hawawezi kuficha kitu, wakila wanapiga picha, wakiugua mafua wanatangaza, wakikosana leo wanaandikiana "nisamehe" kwenye simu kabla ugali haujaiva. Neema mwenyewe alipokuwa na miaka tisa alivunja birika langu la chai, na kabla sijavua viatu nilimkuta mlangoni analia, "Mama, ni mimi." Nilimchapa, Mungu anisamehe. Nilimwona ni mtoto mwenye mdomo.

Nimekuwa nikiwaza hayo tangu aondoke. Enzi zetu tulikuwa na mambo mengi mazuri, na nitayasifu mpaka nitakapozikwa: chakula cha kukaanga, rede, mama aliyejua kungoja. Lakini ule ukimya tunaoringia nao, tusiusifu wote kwa pamoja. Wa baba ulikuwa upendo, alinikinga nao mbele za watu. Wangu ulikuwa woga, na nikauita adabu. Mtoto wa siku hizi, kwa kelele zake zote, angemwambia baba yake jioni ile ile, wakalia kidogo, wakaendelea kula asali. Mimi nilipewa miaka ishirini na sita, na sikumwambia.