Taa Inayosema Motere Inatembea

Kwetu Likasi motere, yaani injini, ikiwa imewaka, tunasema inatembea. Neno hilo lilimpa mke wangu silaha dhidi yangu, mtu ambaye hata chumvi huagiza iletwe. Kila nilipomwambia kutoka kwenye kiti changu kwamba jenereta ya uani inatembea, alijibu, "Ni kweli, baba ya batoto. Mu hii lupango, nyumba na uwanja, yeye tu njo anatembea."

Jenereta hiyo kuukuu ya dizeli ndiyo iliyolinda friza zake za samaki wa kuuza kila umeme ulipokatika. Na ulikatika, hata kama bwawa la umeme la Koni liko jirani. Shida ni kwamba mama wa upande wa pili wa ukuta ana kinu cha kusaga mahindi. Kinaponguruma, jenereta yetu inaweza kufa bila mtu kusikia. Basi nikaamua kutengeneza taa ya sebuleni itakayotuambia ukweli.

Kwanza nilifunga maikrofoni. Taa iliwaka vizuri sana, jenereta ikiwa imezimwa: ilikuwa inasikiliza kinu cha jirani. Nikajaribu kifaa cha kuhisi mtikisiko. Hicho kiliwasha taa malori ya mawe ya mgodi wa Kamatanda yalipopita, na tena mke wangu alipotwanga sombe, majani ya muhogo. "Angalia," akaita, mchi mkononi, "minye pia niko motere!" Cha joto nilikipenda, hadi siku nilipozima jenereta nikamaliza chai yangu, na taa bado inaapa kwamba inatembea, kwa kuwa bomba la moshi halijapoa.

Ndipo nikafikiria oili. Haisukumwi isipokuwa motere inazunguka. Kwa fundi wa magari nikapata swichi ya presha ya oili, ile inayounganisha umeme presha ikipanda. Motere ikitembea, taa inawaka. Waya ukikatika, inazimika pia, nami nitainuka bure; bora hivyo kuliko taa inayodanganya. Kwa mtu kama mimi, huo ni uamuzi wa kishujaa.

Ikaja oda ya samaki wa karamu ya komunyo, friza zikajaa mpaka vifuniko. Umeme ukakatika. Mke wangu akawasha jenereta, akashika njia kwenda kwa dada yake, huko Buluo. "Samaki ikioza," alisema mlangoni, "weye njo utaenda kuwaelezea."

Kinu kilinguruma. Nilikuwa nasinzia, taa ikazimika. Sikusikia tofauti yoyote. Waya tu, nikajiambia, lakini nikavaa ndala nikaenda. Jenereta ilikuwa kimya, mpira wa mafuta umezibwa na uchafu. Nikauvuta kwa mdomo, nikatema dizeli, nikaiwasha.

Aliporudi alifungua friza zote. Samaki waligongana kama mawe. Kisha akanusa shati langu.

"Dizeli? Weye ulitoka inje?"

"Motere ilisimama. Minye njo nilitembea."

Alicheka, halafu akapiga kelele juu ya ukuta: "Mama, kuya uone taa ya bwana yangu!"

Jirani akaja na unga kwenye nyusi, akaitazama sana, akauliza kama naweza kumfungia kama hiyo kwenye kinu chake. Nikamjibu kwamba kesho nitakuja kwake mimi mwenyewe, kwa miguu.

Mke wangu akatafuta kiti, akakaa.